Mashine Zisizotaka Kwenda Kaskazini

Akiulizwa mtu katika visiwa hivi vya Lamu ni fundi gani aliyetengeneza mashine nyingi na asiondoe tatizo hata moja, wenye adabu watanyamaza na wasio na adabu watanitaja mimi. Naona heri nijitaje mwenyewe. Sasa nimestaafu, nakaa Siyu, mgongo wangu hauinuki bila kubembelezwa, na nyinyi vijana mnaojifunza ufundi wa mashine za boti mmeniomba niwaandikie nilivyofanya kazi. Sijui mnataka mafunzo au mnatafuta cha kuchekea. Vyote vimo humu, ila cha pili ni kingi zaidi.

Mwalimu wangu alikuwa Bwana Athman, Mungu amrehemu, mtu mfupi mwenye masikio makubwa ambayo hakupewa bure. Alinikataza kushika spana mpaka nijue kusikiliza. Alikuwa akinikalisha chini, ananiamuru nifumbe macho, anavuta kamba ya mashine, kisha ananiuliza ina nini. Nikajibu plagi. Kesho yake ikaja mashine nyingine, nikajibu plagi. Siku moja nikajitia ujuzi, nikasema leo si plagi, leo ni pampu ya petroli imechoka. Bwana Athman akaniambia mashine haijawashwa bado, ninachosikia ni kinu cha kusagia mahindi cha jirani. Wenzangu waliniita Pampu kwa muda mrefu baada ya hapo, na wako wanaoniita hivyo hadi leo.

Alikuwa na neno moja alilolirudia sana, nami nikalipuuza sana. Alisema mtu akikuletea mashine mbovu, kabla hujaifungua muulize alikuwa anataka kwenda wapi. Mimi nilidhani ni adabu tu, kama kuuliza habari za nyumbani kabla ya kutaja bei. Basi niliuliza, nikajibiwa, na jibu likapita sikio hili likatokea lile.

Kwa kuwa mmeomba mafunzo, haya hapa machache kabla sijajisahau. Mashine ikitoka baharini ioshwe kwa maji matamu siku hiyo hiyo, wala msikubali kuambiwa kesho. Ikiwa inanguruma, tazameni inavyokojoa, yaani ule mchirizi wa maji unaotoka ubavuni. Ukiwa mwembamba zimeni mara moja, maana ndani kunaungua. Petroli ichujwe kwa kitambaa kikavu hata kama muuzaji ameapa kwa jina la mamake. Na zile mashine mpya zenye kompyuta ndani msizipige makofi. Ya kwanza kuletewa niliipiga kofi la ubavu kama nilivyozoea kuzifanya za zamani, ikawasha taa nyekundu na kugoma kabisa, mpaka akaja fundi kutoka Mombasa na waya zake akaniuliza kwa heshima zote ni nani aliyeipiga. Nilimwambia sijui.

Sasa nije kwenye mashine za kaskazini, maana najua ndizo mnazozingojea.

Kaskazini ya mji wa Kiunga, karibu kabisa na mpaka, kuna kijiji kidogo ambacho sitakitaja jina. Kina nyumba chache, msikiti, kisima cha maji matamu, na pwani yenye kina, ambapo boti kubwa hufika bila kungoja maji yajae. Kisima na pwani ndivyo vilivyowaletea balaa. Upande wa pili wa mpaka walikuwa wamejiweka watu wenye bunduki. Sisemi watu wa ng'ambo kwa jumla, maana ng'ambo nina shangazi na binamu, na wao waliteswa na watu hao kabla yetu. Nasema kundi lile tu. Walianza kwa kuchukua nyavu za wavuvi, wakaendelea na mashine, kisha wakawa wanateremka kuchota maji kana kwamba kisima wamekichimba wao, na anayeuliza anapigwa.

Mkubwa wa kijiji alikuwa Bi Mwanahawa, ingawa kwenye mikutano palikuwa na mwanamume aliyekaa kiti cha mbele kwa ajili ya picha. Bi Mwanahawa alikuwa mjane, mnunuzi wa samaki wa kijiji kizima, na mtu asiyepandisha sauti, asemaye lahaja ya kwao: njia kwake ni ndia, kuja ni kuya, kwanza ni kwanda. Ukimkosea alikutazama tu, ukajirekebisha mwenyewe.

Bandari za visiwani ziliona kwamba kijiji kile kikihamwa, zamu inayofuata ni yao. Wakuu wakakutana, wakala wali kwa samaki wa nazi, wakaapa: bandari moja ikiguswa, zote zimeguswa, na boti zote zitakwenda kusimama pwani pale mpaka wavamizi waondoke. Hawakuwa na nia ya kupigana. Waliona tu kwamba watu wa boti moja hawatateremka mbele ya boti nyingi. Mwenyekiti wa muungano alikuwa Bwana Kombo, nahodha mwenye boti ya faiba kubwa, mashine yenye nguvu kuliko zote, na sauti yenye nguvu kuliko mashine. Serikali nayo ilikuwamo. Palikuwa na afisa wa polisi kutoka bara, sisi tulimwita Afande, mtu mpole aliyeletwa visiwani hajui kuogelea. Alikuwa na boti ya kasi yenye mashine mbili, nami ndiye niliyezihudumia. Alisema atakuwa nasi bega kwa bega mara tu amri ikitoka juu.

Mimi nikateuliwa fundi wa muungano. Nilishonesha ovaroli mpya ya buluu yenye cheo changu kifuani, nikaivaa mpaka Lamu mjini wakati wa joto kali ili watu waisome. Mke wangu alisema nanuka kama mbuzi aliyepewa kazi serikalini. Sikumjali.

Mara ya kwanza Bi Mwanahawa alipoandika kwenye kundi la simu kwamba wamekuja, majibu yalimiminika. Tunakuja. Tuko pamoja. Mungu yu pamoja nanyi. Wengine wakaleta picha za ngumi zilizokunjwa. Kisha kila bandari ikapata msiba wa mashine. Ya huyu haishiki, ya yule inashika inazima, ya Bwana Kombo imeingia maji. Hakwenda hata mmoja. Kule kijijini walichukua nyavu mpya zote, na mwanamume aliyejaribu kuzishikilia akavunjwa mkono.

Mwenye akili angejiuliza kwa nini mashine zote zimeugua asubuhi moja. Mimi nilifurahi. Ndiyo, niliumia kwa ajili ya yule mwenye mkono, lakini chini ya maumivu nilifurahi, kwa sababu hatimaye muungano mzima ulikuwa unanihitaji. Nikafunga vifaa vyangu, nikavaa ovaroli, nikaanza kuzunguka bandari moja baada ya nyingine.

Kwa Bwana Kombo nilikuta plagi zimelegezwa, na waya mmoja umechomolewa na kulazwa vizuri juu ya kitambaa safi. Nilimweleza kwa kirefu jinsi mtikisiko wa mawimbi unavyolegeza plagi. Alinitazama muda mrefu, kisha akasema kumbe. Kwa nahodha mwingine nilikuta maji ya bahari ndani ya tangi la petroli, na kopo lililotumika kuyamimina liko pale pale kando, lina chumvi kavu. Nikamhutubia juu ya vifuniko visivyobana. Nikamuuzia kifuniko kipya, naye akakinunua bila kuomba kupunguziwa, jambo ambalo peke yake lilipaswa kunishtua. Kila nilipofika niliuliza, kama nilivyofunzwa, walikuwa wanataka kwenda wapi mashine ilipoharibika. Wote walijibu kaskazini. Nami nikatikisa kichwa kwa masikitiko, nikaendelea kusafisha kabureta.

Nilipomaliza nilikuwa na kiburi cha kupasuka. Nikaandika kwenye kundi la simu kwamba mimi, fundi wa muungano, nimekagua mashine zote kwa mkono wangu, ni nzima, na boti zinaweza kutoka wakati wowote. Nilitazamia pongezi. Kundi likanyamaza siku nzima. Aliyejibu ni Bi Mwanahawa peke yake, akashukuru.

Mara ya pili alipoita, mashine hazikuugua. Safari hii waliugua manahodha. Mmoja kiuno kilimkaza, mwingine alikuwa na ugeni, mwingine simu yake ilikuwa imezimika akiwa ameishika mkononi. Bwana Kombo alisema anamngoja Afande. Afande alisema anangoja amri. Na amri, kwa jinsi ninavyoelewa mambo ya ofisi, ilikuwa inangoja kusikia Bwana Kombo anasemaje. Bi Mwanahawa akaandika kwamba wameshaondoka, wamechukua mashine mbili na mbuzi, na kwamba hakuna aliyekufa. Nilisoma ujumbe ule mara kadhaa, na kwa mara ya kwanza nikaona aibu ya kuvaa ovaroli.

Nikaenda kijijini kwake kumweleza. Kumweleza nini, sijui, lakini fundi asiyeeleza hajisikii fundi. Nilidandia boti ya samaki mpaka Kiunga, na kutoka hapo nikapata iliyonifikisha. Nilikuta baadhi ya nyumba zinafungasha. Magodoro yamefungwa kamba, masufuria yamo ndani ya magunia, bibi mmoja amekaa juu ya mlango wake aliokwisha kuung'oa. Wale wenye bunduki walikuwa wameacha neno kabla ya kuondoka. Wamewapa mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Siku hiyo watakuja kukaa, si kuchota maji tu, na watakayemkuta asimlaumu mtu.

Bi Mwanahawa alinikaribisha ukumbini, akaniletea kahawa. Nikaanza kueleza habari za petroli chafu inayouzwa siku hizi, na jinsi chumvi inavyokula waya. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Fundi," akasema, "mashine ni nzima?"

"Ni nzima, Bi."

"Basi mbona haziyi?"

Nikafungua mdomo niseme plagi, nikaufunga.

Hapo ndipo nilipoelewa kile ambacho Bwana Athman alikuwa akinipigia kelele miaka yote ile. Mnacheka, na mcheke. Nilikuwa nimefungua kila mashine ya muungano, nimetazama ndani kwa tochi, na ugonjwa ulikuwa umesimama kando yangu umevaa kikoi, unanishikia bisibisi.

Bi Mwanahawa hakuwatukana manahodha. Alisema anaogopa hata yeye, na mtu hawezi kumlaumu mwenzake kwa kuogopa bunduki. Mtu akiambiwa njoo vitani, akikataa, jioni atakaa barazani na wenzake na hakuna atakayemnyooshea kidole. Tatizo, alisema, ni kwamba amekuwa akiwaita mahali ambapo kutokwenda si aibu.

"Hawa watu wa visiwani," akaniuliza, "harusi wamekosa lini?"

Binti yake mdogo, Zuhura, alikuwa ameposwa na Shee, mtoto wa Bwana Kombo. Harusi ilikuwa imepangwa baadaye, baada ya mfungo. Bi Mwanahawa aliamua iwe Ijumaa ile ile ya mwisho wa mwezi, kijijini kwake, pwani. Nyinyi mliozaliwa huku mnajua, na mliotoka bara mmeshashangaa: kwetu mume ndiye huhamia nyumbani kwa mke. Kwa hiyo mtoto wa mwenyekiti wa muungano angekaa kijiji kile, akilala nyumba ile, akinywa maji ya kisima kile kile.

Nilimuuliza kama binti amekubali. Zuhura alikuwa pale pale anapepeta mchele. Alisema watu wakija itakuwa harusi, na wasipokuja basi afadhali ajue mapema anaolewa katika ukoo wa namna gani. Akaendelea kupepeta.

Mwaliko haukupitia kundi la simu. Ulipita kama mialiko ya harusi inavyopita, wanawake wakienda nyumba kwa nyumba na kuingia mpaka jikoni. Wake wa manahodha walijua kabla ya waume zao. Mwanamume aliporudi nyumbani alikuta mkewe ameshachagua leso atakayovaa, ameshaahidi kupika, na ameshawaambia mashoga zake watapanda boti gani.

Bwana Kombo alinijia mbio. Alitaka nimwombe Bi Mwanahawa harusi iletwe kwake kwa ajili ya usalama, yeye atagharamia kila kitu. Nilipeleka ujumbe, na majibu yakarudi mafupi. "Mwambie mwanawe ndiye anayehamia huku. Babake akitamani kumuona, ndia ataiyua." Nilimfikishia maneno hayo kama yalivyo. Akakaa juu ya pipa la petroli, na nikaona jinsi sauti ile kubwa ilivyokuwa ikimficha mtu mwenye hofu ya kawaida kabisa. Nilimwonea huruma. Kisha akaniambia nibadilishe plagi zote, niweke mpya, za bei ya juu. Kwa mazoea tu nikamuuliza anataka kwenda wapi.

"Harusini, fundi," akasema. "Wapi tena?"

Wiki ile sikulala kwa kazi. Manahodha walikuja na mashine zisizo na kasoro wakitaka nihakikishe hazitapata kasoro. Yule wa maji ya bahari alichuja petroli yake mwenyewe kwa leso ya mkewe. Ilikuwapo mashine moja kuukuu ambayo mimi binafsi niliitangaza kuwa imekufa, nikamshauri mwenyewe aifanye nanga. Mwenyewe akaifufua bila kunishirikisha, akaitumia kubebea masufuria ya pilau. Iliwaka kwa mvuto wa kwanza. Mpaka leo sielewi, na sikuuliza.

Afande naye alialikwa. Alinijia akiwa amekunja uso, akaniuliza kama mashine zikishahudumiwa zinahitaji kujaribiwa baharini. Nikamwambia ni lazima. Akauliza majaribio mazuri yanafika wapi. Nikamwambia mpaka Kiunga na kupita kidogo, siku ya Ijumaa, baada ya sala. Akasema yeye ni mtu wa kufuata ushauri wa fundi.

Ijumaa ile mtihani wangu ulikuwa mmoja tu, kuhesabu boti zinazoingia, na nikapotea hesabu kwa sababu macho yalikuwa yamelowa. Zilikuja zote. Boti ya Bwana Kombo ilikuwa mbele, imejaa wanawake na ngoma. Ya Afande ilikuja mwisho, naye amevaa kanzu ya kuazima iliyomfika magotini, na askari wake wawili wamevaa mashati ya maua. Waliobaki kijijini walisimama pwani wakitazama. Yule bibi wa mlango alikuwa ameurudisha mahali pake asubuhi.

Nikaha ilisomwa msikitini baada ya sala. Tukatoka, pilau likapakuliwa, zumari na ngoma vikaanza, na wanaume wakashika fimbo wakacheza kirumbizi. Mnaujua mchezo ule, watu wawili katikati ya duara wanatishana kwa fimbo kwa mapigo ya ngoma, hawaumizani lakini macho yao yanasema mengine. Mimi sichezi. Nilisimama nyuma ya sufuria kubwa kuliko zote, kwa sababu ambazo nilijidanganya kwamba ni za njaa.

Boti ya wale wenye bunduki ikatokea kwenye mlango wa bahari. Ngoma ikanyamaza bila mtu kuamrisha. Wanaume wote wakageuka wakiwa na fimbo mikononi, kwa sababu hapakuwa na pa kuziweka. Wanawake wakawavuta watoto nyuma. Niliogopa, vijana, nikajisogeza zaidi nyuma ya sufuria. Boti ikapunguza mwendo. Niliwaona wakitazama ile pwani, boti zimepangwa ubavu kwa ubavu mwanzo hadi mwisho, watu wamejaa mpaka kwenye mapaa, na katikati yao zile mashine mbili za Afande ambazo kila mtu huku anajua ni za nani. Mkubwa wao akasema jambo, na boti ikaanza kugeuka. Walikuwa wanaondoka. Nakuapieni, walikuwa wanaondoka.

Hapo mashine yao ikakohoa, ikazima.

Wakavuta kamba, haikushika. Wakavuta tena. Maji yalikuwa yanajaa, na polepole boti ikaanza kuletwa kwetu, na bunduki zake, na vijana wake ambao sasa niliweza kuona kwamba nao wana hofu. Mtu mwenye bunduki anayeweza kwenda zake ni afadhali kuliko asiyeweza, na hawa walikuwa hawawezi. Mmoja alikuwa ameshainua yake. Afande alikuwa ameshaingiza mkono ndani ya kanzu. Kila mtu pale aliona kinachokuja.

Ningependa kuwaambia kwamba nilifikiri, nikapima, nikaamua. Sikufikiri chochote. Nilisikia kamba inavyovutwa na mashine inavyojibu, na kwa mara ya kwanza maishani nikajua bila kukisia kwamba si plagi. Miguu ikaenda yenyewe. Niliingia majini na kanzu yangu ya harusi mpaka kiunoni, nikashika ubavu wa boti yao, nikawaambia ni uchafu kwenye kabureta.

Mkubwa wao aliniwekea mdomo wa bunduki karibu na pua. Akauliza mimi ni nani.

"Fundi," nikasema.

Nikaomba ukuti. Mnajua kazi yake: kabureta ikiziba, ule uti mgumu wa jani la mnazi, ukichongwa, unapita kwenye tundu bila kulikwaruza. Nilinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na mkono ukakaa hewani muda mrefu. Kisha nikasikia maji yanakatwa, na Bwana Kombo akasimama kando yangu. Yule yule wa waya juu ya kitambaa. Mkono mmoja ulikuwa na fimbo ya kirumbizi na mwingine ukuti alioung'oa kwenye ufagio wa wapishi. Akanipa ukuti, hakuondoka.

Nilipokuwa nafungua kabureta nikasikia maji tena nyuma yangu, safari hii mengi. Nikatupa jicho nyuma. Manahodha wote wa muungano walikuwa wameingia, wamejipanga majini na fimbo zao, mwenye kiuno, mwenye ugeni, mwenye simu iliyozimika. Na mbele yao wote, maji yakimfika kiunoni, Afande asiyejua kuogelea.

Nikazibua, nikafunga, nikamwambia kijana avute. Ikashika. Mkubwa wao alituangalia mmoja mmoja, kisha akauliza anadaiwa kiasi gani. Nikamwambia leo ni harusi. Wakageuza, wakaenda, na mashine ikanguruma vizuri mpaka ilipopotea, ikikojoa mchirizi mnene wa kupendeza. Niliutazama kwa fahari kabla sijakumbuka ni wa nani.

Yaliyofuata nitawapa kwa ufupi. Wale wenye bunduki hawakuteremka tena pale. Bi Mwanahawa hakuwangoja manahodha waghairi, kila baada ya muda alikuwa na jambo la kualika, maulidi, harusi ya binamu, aqiqa ya mjukuu, na boti hazikukosa. Zuhura na Shee wanaishi nyumba ile ile, na mkikaribishwa mtapewa maji ya kisima kile, ni matamu kweli.

Ila siku ile, nilipogeuka kutoka majini, pwani nzima ilikuwa inanitazama mimi, na polepole nikaanza kuelewa walichokuwa wanakitazama. Fundi wa muungano alikuwa amemtengenezea adui mashine. Afande, maji yakimchuruzika, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha upole, "Mzee, kwani umewarekebishia?" Nikasema ndiyo. Nikaanza kueleza habari za petroli chafu. Watu wakampisha Bi Mwanahawa, akateremka mpaka ukingoni, akaniangalia mimi, akaangalia kule boti ilikopotelea, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mashine zote ulizotengeneza, fundi," akasema, "hiyo ndiyo ya kwanda iliyokwenda tulikotaka iende."